Kumwambia bibi "tembea" hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu zina desturi moja. Zikigusa unyonge wa moyo wa akina mama wenye umri mkubwa, hueleza dalili zake vizuri, hutaja upweke, kufiwa na kukosa usingizi, kisha humalizia kwa kusema kwamba "pia ni vizuri kutembeatembea". Msomaji haambiwi atembee kwa kasi gani, kwa muda gani, mara ngapi kwa wiki, wala afanye nini goti likimvimba au mkojo ukimponyoka njiani. Hakuna daktari anayeandika kwenye cheti cha dawa "mezameza vidonge". Kutembea nako ni tiba, basi kuandikwe kama tiba, pamoja na kipimo, ratiba na tahadhari zake.

Kutembea tunakuita tiba kwa sababu kumepimwa. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona, yaani unyonge wa moyo uliofikia kuwa ugonjwa. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kutembea kwa haraka au kukimbia polepole, la pili lilipewa dawa ya sonona iitwayo sertraline, la tatu likapewa vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Wanaolinukuu jaribio hili husahau mambo mawili. La kwanza, waliomeza dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, kwa hiyo mwenye kutembea anahitaji subira ya wiki kadhaa. La pili, mazoezi yale yalifanyika mara 3 kwa wiki, dakika 30 kila mara, chini ya msimamizi na pamoja na wengine. Wala hapakuwa na kundi la dawa bandia la kulinganisha. Hakuna basi awezaye kusema kwa uhakika ni kiasi gani cha nafuu ile kilitoka miguuni na kiasi gani kilitoka kwa wenzi. Kwa mama anayeishi peke yake, yote mawili yanafaa.

Maelezo ya "homoni za furaha" yaliyozoeleka ni mepesi mno. Endofini, mojawapo ya hizo zinazoitwa homoni za furaha, ikipimwa kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Kinachojulikana vizuri zaidi ni kwamba mwendo wa kila mara huboresha usingizi, na kwamba ubongo wenyewe hubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 nchini Marekani uliwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Nusu yao walitembea, wakafikia dakika 40 kwa siku, siku 3 kwa wiki. Kwa watembeaji hao hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na hisia, iliongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 2, wakati kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu ilipungua. Ni mwaka mzima, wala si wiki mbili za ari ya mwanzoni.

Sasa kasi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtoto au mjukuu aliyesoma kwamba mazoezi yanasaidia humchukua mama yake na kumburuta kwa mwendo wa kijana. Mama anarudi nyumbani akihema, moyo ukimwenda mbio, na kesho yake ana udhuru. Si uvivu. Watafiti waliopima hisia za wanawake wa makamo wasio na mazoea ya mazoezi, wakiwa bado wanatembea, waligundua kwamba kila mmoja akijichagulia kasi yake, raha yake haipungui. Kasi hiyohiyo ikiongezwa kwa asilimia 10 tu, bila yeye kuichagua, raha inashuka dakika hadi dakika. Anayetafuta nafuu ya moyo hana sababu ya kulipa gharama hiyo. Kasi ichaguliwe na mwenye miguu.

Kipimo chepesi ni mdomo. Akitembea aweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba ubeti mzima, aongeze kidogo. Akilazimika kuvuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu, apunguze. Kwa watu wazima wengi hali hiyo hulingana na hatua zipatazo 100 kwa dakika. Njia rahisi ya kujua ni kuhesabu hatua kwa sekunde 15: zikifika 25, amefika. Mwenye umri wa miaka 80, au mwenye nyonga iliyochakaa, anaweza kufikia pumzi hiyohiyo kwa hatua 80, na hana upungufu wowote. Mapigo ya moyo yasitumiwe kama kipimo kwa anayemeza dawa za jamii ya atenolol au propranolol, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo yasipande hata mwili unapojituma. Atayaona yako chini, ajidhanie anazembea, ajikaze hadi azidiwe.

Kuhusu muda, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka watu wazima, pamoja na wenye miaka 65 na kuendelea, wafikie dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Miongozo hiyo pia iliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kiwe cha dakika 10 au zaidi. Dakika 6 za asubuhi na 7 za jioni zinahesabika. Lakini dakika 150 ni mahali pa kufikia, na mwenye sonona akionyeshwa namba hiyo siku ya kwanza atakata tamaa kabla hajavaa viatu.

Ratiba tunayoipendekeza kwa mama aliyekaa muda mrefu bila mazoezi ni hii. Wiki ya kwanza na ya pili, dakika 10 kwa siku, siku 5, mahali tambarare. Kuanzia wiki ya tatu aongeze dakika 3 au 4 kila wiki, bila kugusa kasi. Akienda hivyo, kati ya wiki ya 7 na ya 9 atakuwa kwenye dakika 30 kwa siku, siku 5, ambazo ndizo 150. Mwendo ukishazidi dakika 15, zile 3 za mwanzo na 3 za mwisho ziwe za polepole. Aliyetoka kuugua aanze na dakika 5 mara mbili kwa siku. Akikosa wiki moja kwa homa au safari, arudie kiwango cha wiki aliyoachia. Akikosa wiki mbili au zaidi, aanze na nusu yake. Muda na kasi visiongezwe katika wiki moja. Kosa hilo ndilo huleta maumivu ya unyayo na ya mbele ya ugoko, na aliyeumia hivyo mara nyingi harudi tena.

Zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali zisimtishe mtu. Namba hiyo ilienezwa na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake, Manpo-kei, lilibeba maana ya hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa, haikutoka maabara. Mwaka 2019 mtafiti wa Marekani I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko waliotembea zipatazo 2,700, na baada ya hatua 7,500 hivi faida iliacha kuongezeka. Utafiti ule ulihesabu vifo, haukupima furaha, lakini unatosha kumwondolea mama mzigo wa elfu kumi.

Wapo watakaosema, "Mimi natembea kutwa nzima humu ndani." Ni kweli, na misuli inalijua hilo. Ila kazi za nyumbani hukatikakatika, zina msukumo wa watu wanaosubiri, na mtu huzifanya ndani ya kuta zilezile anazowazia huzuni yake. Kwa maoni yetu zisihesabiwe kwenye tiba hii, hata zikichosha namna gani. Dakika 15 za nje zisizo na kazi nyingine ndani yake ni kitu kingine kabisa.

Asubuhi ni bora kuliko saa nyingine kwa sababu ya mwanga. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni huiweka sawa saa ya mwili, na usingizi wa usiku unaofuata huja kwa wakati wake.  Mahali penye miti, ikiwezekana, papewe kipaumbele. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2015 lililinganisha dakika 90 za kutembea mahali pa asili na dakika 90 kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita kwenye miti walipungukiwa na ile tabia ya kuzungusha wazo moja baya kichwani, walio barabarani hawakuona tofauti. Washiriki wale hawakuwa wazee, lakini kuzungusha mawazo hakuna umri. Kwa wazee wenyewe, utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, uliotoka mwaka 2020, uliwaomba watembee dakika 15 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, kila safari wakitafuta kwa makusudi kitu cha kustaajabia: ukubwa wa mti, mishipa ya jani, rangi ya wingu. Waliofanya hivyo walieleza furaha zaidi, na dhiki yao ya kila siku ilipungua kuliko ya waliotembea tu. Simu ibaki mfukoni basi. Kutembea huku unasuluhisha ugomvi wa familia kwenye simu si tiba ya kitu chochote.

Sonona hula utashi kwanza. Kumwambia mwenye nayo "ukijisikia, toka utembee" ni kumwekea sharti ambalo ugonjwa wenyewe umeshalifuta, maana hatajisikia. Hamu huja baada ya kutoka, mara nyingi dakika 5 au 10 njiani. Saa iwe maalumu, viatu viwe mlangoni tangu usiku, na pawe na ruhusa ya wazi: akitembea dakika 5 na bado hataki, anaweza kurudi, na siku hiyo ihesabike. Wachache hurudi. Akiwa na mwenzake wa ahadi ni bora zaidi, kwa kuwa ni rahisi kujivunjia ahadi mwenyewe kuliko kumwacha mtu amesimama akisubiri. Kundi likizidi watu wawili, mwenye mwendo wa chini kuliko wote atangulie na awe ndiye kipimo. Makundi mengi hufa kwa sababu wepesi hutangulia na wazito huachwa nyuma wakitazama migongo, na yule wa mwisho ndiye aliyekuwa akiyahitaji zaidi.

Tuje kwenye kikwazo ambacho kurasa za afya hazikigusi kabisa, labda kwa haya: mkojo. Wanawake wengi waliozaa na waliokoma hedhi hutokwa na mkojo kidogo wakikohoa, wakicheka au wakitembea kwa haraka. Mama hatasema hilo mbele ya mwanawe. Atasema miguu inauma, na atabaki ndani. Dawa ya kwanza ni kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga. Aikaze kana kwamba anazuia upepo na mkojo kwa pamoja, aivute juu kwa ndani, bila kubana pumzi wala kukaza makalio au mapaja. Ashikilie sekunde 5 hadi 8, alegeze kwa muda uleule, arudie mara 8, na afanye hivyo mara 3 kwa siku. Matokeo yaanze kutazamiwa baada ya miezi 3, si wiki 3. Asifanyie mazoezi hayo chooni kwa kukatisha mkojo katikati. Huko ni kukifundisha kibofu kutomaliza kazi. Njiani, akihisi chafya au kikohozi kinakuja, akaze kabla hakijafika. Na asijinyime maji: mkojo mzito hukera kibofu na kuongeza haja ya ghafla. Aende choo kabla ya kutoka, achague njia inayopita karibu na choo katikati ya safari, avae pedi miezi ya mwanzo kama itampa amani. Akihisi uzito au uvimbe unaoshuka ukeni, huyo apimwe kwanza.

Viatu ni jambo fupi lakini lina masharti. Vijaribiwe alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutwa. Ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Kisigino cha kiatu kiwe kigumu kikibonyezwa, na soli ikunjike karibu na vidole, isikunjike katikati kama kitabu. Ndala na malapa hazifai: vidole hujikunja kuzishika, hatua hufupika, na unyayo huanza kuuma. Dalili ni maumivu makali ya kisigino kwenye hatua za kwanza baada ya kuamka. Yakianza, apunguze muda kwa nusu, na anyooshe misuli ya nyuma ya mguu kwa kusimama akisukuma ukuta, sekunde 30 mara 3 kila mguu. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila akirudi, kwa kioo ikiwa hawezi kuinama, kwani lengelenge asilolihisi laweza kugeuka kidonda. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari atembee na kitu kitamu mfukoni.

Goti lililochakaa si sababu ya kuacha. Sheria yake ni mbili: maumivu yasizidi 4 kwa kipimo cha 0 hadi 10 wakati wa kutembea, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi kwenye kiwango cha kawaida. Yasiporudi, apunguze theluthi moja ya muda, asiache kabisa. Mteremko huumiza goti kuliko mlima, jambo linalowashangaza wengi. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, si wa goti bovu, na urefu wake ufikie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia. Tunaona fimbo nyingi ndefu mno zikimpandisha mtu bega badala ya kumtegemeza.

Kuna uongo mmoja wa nia njema: kwamba kutembea pekee humkinga mzee asianguke. Hakumkingi. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1997, wanawake waliokoma hedhi na waliowahi kuvunjika mkono walipotembezwa kwa haraka, walianguka zaidi kuliko wenzao. Kinachokinga ni mazoezi ya nguvu na ya kuusawazisha mwili usiyumbe, na Shirika la Afya Duniani linayataka siku 3 au zaidi kwa wiki kwa wazee. Yanaweza kufanyika kabla ya kutoka, karibu na meza ya kushika: kuinuka kitini na kukaa bila kutumia mikono mara 8 hadi 10, kunyanyua visigino mara 10, kusimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10 hadi 30. Hayo ni dakika 5 tu. Anayemeza dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kupunguza maji mwilini, akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika 2 akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame. Kizunguzungu cha asubuhi ndicho huwaangusha wengi kabla hata hawajafika mlangoni.

Nafuu nayo ipimwe. Daftari dogo linatosha: kabla ya kutoka aandike moyo wake uko wapi kati ya 0 na 10, akirudi aandike tena. Asitazame siku moja moja, kwa sababu zitapanda na kushuka. Alinganishe wastani wa wiki na wiki. Ikipita wiki 6 hadi 8 za kutembea kwa uaminifu na wastani haujasogea, aende kituo cha afya. Huko atake pia kupimwa damu: upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, na ukosefu wa vitamini B12 vyote hujifanya huzuni na uchovu, na hakuna kutembea kutakakovitibu. Huzuni ya msiba ni kitu kingine pia, ina mwendo wake, na mfiwa asiharakishwe.

Yapo yasiyosubiri wiki 8. Kifua kubana, pumzi kukatika ghafla, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, vyote vinataka daktari siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mama aliyeacha kula, anayepungua uzito, au anayesema afadhali asingekuwepo. Huyo asipewe ratiba ya kutembea, apelekwe kwa mtaalamu, na asiachwe peke yake. Aliye tayari kwenye dawa za sonona asiziache kwa sababu ameanza kutembea na anajisikia vizuri. Kuzipunguza ni kazi ya aliyeziandika, na hufanywa hatua kwa hatua.

Tunaomba pia jambo moja kwa dawati lenu la picha. Makala za namna hii hupambwa kwa msichana mwembamba aliyevaa nguo za kubana, akikimbia machweo. Mama wa miaka 70 anaitazama, anajua haimhusu, anafungua ukurasa wa pili. Wekeni mwanamke wa umri wake, mwenye fimbo ikiwezekana, amevaa nguo zake za kawaida na viatu vilivyofungwa vizuri, akitembea na mwenzake.

Wataalamu wa tiba ya viungo